Motokaa Ikiongeza Mwendo Ikalia: Namna ya Kuutambua Mlio na Kuutengeneza

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila apandaye motokaa amepata kulisikia, nalo ni ule mlio mwembamba, mfano wa mlio wa mbu au wa nyuki mzingani, ambao huanza dereva akanyagapo mafuta, ukapanda kadiri gari linavyopata mwendo, na kushuka tena anapoinua mguu. Wengine huuzoea hata wasiusikie tena. Wengine huingiwa na hofu, wakalipeleka gari kwa fundi. Na fundi naye akibahatisha, hubadilisha kitu kizima kilicho kizuri, kumbe ubovu uko mahali pengine.

Mlio huo si wa kupuuzwa. Katika vijiji vingi gari moja tu ndilo lichukualo mahindi sokoni, na ndilo limpelekalo mgonjwa hospitali usiku wa manane. Likisimama njiani, watu wengi hupata hasara. Tena iko milio ambayo ni onyo la hatari kubwa: beringi ya gurudumu iliyokwisha hulia kwanza, pengine kwa muda wa majuma mengi, kabla gurudumu halijakwama au kuchomoka gari likiwa katika mwendo. Mwenye kujua kusikiliza ameonywa mapema, na asiyejua hupata habari siku ya ajali.

Basi nataka kuwaelezeni mambo matatu. Kwanza, mlio huo hutokana na nini. Pili, maswali ambayo dereva aweza kujiuliza, bila chombo chochote cha thamani, hata akajua ubovu uko upande gani. Tatu, matengenezo yenyewe, na yapi mtu aweza kuyafanya nyumbani, na yapi hapana budi yafanywe na fundi.

SAUTI YAZALIWAJE

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kitu kikitikisika mara chache kwa sekunde, sauti yake huwa nzito, kama ya ngoma kubwa. Kikitikisika mara nyingi, sauti huwa nyembamba, kama ya filimbi. Katika motokaa vitu vingi huzunguka, na kila kizungukacho chaweza kuitikisa hewa: meno ya gia yagusanapo, gololi za beringi zipitapo juu ya njia iliyochubuka, mapanga ya pampu yasukumapo mafuta. Kwa sababu mizunguko huongezeka gari liongezapo mwendo, mitikisiko nayo huongezeka; na ndiyo maana mlio hupanda pamoja na mwendo.

Na tufanye hesabu ndogo, ambayo wanafunzi waweza kuiandika katika madaftari yao. Tuseme injini yazunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Gari letu ni la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, nalo limo katika ile gia ambayo shafti ndefu ipitayo chini ya gari huzunguka sawasawa na injini. Mwisho wa shafti hiyo, ndani ya difu, mna gia ndogo yenye meno 10, nayo huizungusha gia kubwa yenye meno 41. Basi kila sekunde meno hugusana mara 40 kuzidisha kwa 10, yaani mara 400. Sauti ya mitikisiko 400 kwa sekunde iko karibu na sauti ya mbu jike arukapo. Dereva akiongeza mwendo hata injini ikazunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yatagusana mara 500 kwa sekunde, na mlio utapanda. Hivyo difu iliapo hailii ovyo. Inatuhesabia meno yake.

Meno yaliyo mazima, yenye oili ya kutosha, hugusana kwa upole, na sauti yake haifiki ndani ya gari. Lakini meno yakilika, au oili ikipungua, au beringi zikilegea hata gia zisikae mahali pake, meno hayagusani tena kwa upole. Hapo ndipo mlio usikikapo. Na kwa kuwa dereva akikanyaga mafuta meno hushindiliwa kwa nguvu zaidi, mlio huzidi wakati huo huo wa kuongeza mwendo.

MILIO ISIYO UGONJWA

Kabla ya kutafuta ubovu, yafaa tujue ya kwamba si kila mlio ni ugonjwa. Motokaa nyingi hulia zikirudi nyuma, na hakuna mtu ashtukaye. Sababu yake ni hii: meno ya gia ya kurudi nyuma mara nyingi yamekatwa wima, basi jino zima hukutana na jino zima kwa ghafula. Meno ya gia za kwenda mbele yamekatwa mshazari, hivyo jino moja huanza kugusa kabla lililotangulia halijaachana na mwenzake, na kazi hupokewa polepole, kama watu wapokezanao mtungi bila kuuangusha. Meno ya mshazari hunyamaza. Meno ya wima hupiga kelele. Kadhalika magari ya zamani ya Land Rover, ambayo la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948, yajulikana sana kwa mlio wa gia zake hata yakiwa mazima. Na motokaa za umeme za siku hizi nazo huwa na mlio mwembamba zikiondoka, wala si ubovu.

Basi kanuni ni rahisi. Mlio uliokuwapo tangu gari lilipokuwa jipya, na haukubadilika, si ugonjwa. Mlio mpya, ama mlio wa zamani uliobadilika sauti au kuongezeka nguvu, ndio wa kuchunguzwa.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA

Swali la kwanza laweza kuwachekesha wengine, lakini limewaokolea watu fedha nyingi. Zima redio ya gari. Je, mlio umekwisha? Kama umekwisha, basi hapana gia wala beringi iliayo. Umeme utokao katika altaneta, yaani mashine ya kuijaza betri, umepenya katika waya za redio, na mlio watoka katika kipaza sauti. Mlio huo nao hupanda injini ikizunguka upesi, hata huwadanganya wengi. Dawa yake ni kusafisha na kukaza waya wa redio uendao kwenye bodi ya gari, kisha fundi wa umeme aipime altaneta.

Swali la pili: je, gari hulia likiwa limesimama? Lisimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia nyutro, kisha mwambie mwenzako akanyage mafuta polepole. Kama mlio wasikika na wapanda pamoja na injini, basi ubovu uko mbele: katika mkanda, au katika vitu vizungushwavyo na mkanda, au katika injini yenyewe, ama mwanzo wa giaboksi. Kama gari limenyamaza kimya, basi ubovu uko katika vitu vizungukavyo gari lendapo tu: gia, difu, beringi za magurudumu, na matairi. Au pengine ni mlio utokeao injini ibebapo mzigo tu, na huo nitausema mbele.

Swali la tatu: je, mlio wafuata injini au wafuata magurudumu? Katika barabara ya lami iliyo tupu na tambarare, shika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kisha weka nyutro, uliache gari liteleze lenyewe kitambo kidogo. Injini imepunguza mizunguko, lakini magurudumu bado yaenda. Kama mlio umeshuka pamoja na injini, ubovu uko upande wa injini. Kama mlio unaendelea vile vile, na washuka polepole kadiri gari linavyopunguza mwendo, tafuta katika magurudumu, matairi na difu. Angalieni sana: msiizime injini wakati wa kujaribu hivi, maana breki na usukani wa magari mengi husaidiwa na nguvu ya injini, wala msijaribu mteremkoni.

Swali la nne: mlio wafanyaje unapoinua mguu? Gari likiwa katika gia, kanyaga mafuta, kisha inua mguu. Mlio ukiwapo wakati wa kukanyaga, na kutoweka mara uinuapo mguu, ni dalili ya meno ya difu au ya gia, kwa sababu meno husukumana upande mmoja wakati wa kuvuta, na upande wa pili wakati gari liisukumapo injini. Upande uliolika ndio uliao. Beringi ya gurudumu, kwa kawaida, haijali mguu wa dereva. Hujali mwendo wa gari tu.

Swali la tano: mlio wafanyaje ukikata usukani? Kama gari limesimama, na mlio wazidi sana kila uzungushapo usukani, pampu ya usukani ndiyo ya kushukiwa. Kama gari lenda, na mlio wazidi likipinda upande mmoja na kupungua likipinda upande wa pili, shuku beringi ya gurudumu. Gari likipinda kulia, uzito wake huegemea magurudumu ya kushoto. Basi mlio uzidio wakati wa kupinda kulia, mara nyingi watoka kushoto.

Swali la sita ndilo lisahauliwalo na wengi: ni kitu gani kilichotengenezwa mara ya mwisho? Mkanda mpya uliokazwa kupita kiasi, matairi mapya yenye michoro mikubwa, oili ya gia isiyo ya namna ile, difu iliyofunguliwa na kufungwa bila vipimo. Hivi vyote vyaweza kuleta mlio siku ile ile. Fundi asipouliza, mwambieni wenyewe.

MFANO WA MASWALI HAYA

Tuseme dereva mmoja wa pikapu amefika karakana, naye ana huzuni, maana watu wawili wamemwambia ya kuwa difu yake imekwisha, na bei ya difu aijua.

“Fundi, shikamoo.”

“Marahaba, kijana. Gari lina nini?”

“Difu imekufa, mzee wangu. Nikiongeza mwendo, yalia.”

“Difu tutaitazama kwa zamu yake. Kwanza niambie: likisimama, ukikanyaga mafuta, lalia?”

“La, halilii.”

“Ukiweka nyutro likiwa katika mwendo, lanyamaza?”

“Halinyamazi, laendelea kuvuma mpaka mwendo uishe.”

“Na ukiinua mguu likiwa katika gia?”

“Ni vile vile, mzee. Hakuna tofauti.”

“Barabara ikipinda?”

“Ikipinda kulia lavuma sana. Ikipinda kushoto lanyamaza kidogo.”

Tazameni jinsi majibu yanavyofuatana. Jibu la kwanza limeondoa mkanda, pampu na altaneta. Jibu la pili limeuweka ubovu upande wa magurudumu na difu. Jibu la tatu limepunguza shaka juu ya meno ya difu, maana yangebadilika mguu uinukapo. Jibu la nne limeelekeza kidole kwenye gurudumu la kushoto. Fundi huyo atainua gari kwa jeki upande wa kushoto, aliweke juu ya stendi imara, na kulizungusha kila gurudumu kwa mkono. Akisikia mkwaruzo katika gurudumu la mbele, kama mchanga kati ya mawe mawili, na gurudumu la kulia likizunguka kimya, amekwisha pata. Dereva atanunua beringi moja badala ya difu nzima. Na hata kama angekuwa na fedha ya difu, angaliinunua na kuondoka na beringi ile ile mbovu, akapakia watu.

UBOVU ULIO MBELE, NA DAWA YAKE

Sasa na tutazame vitu kimoja kimoja. Kwanza mkanda. Mkanda uliolegea au uliong'aa kwa uzee huteleza juu ya puli na kupiga kelele kali, hasa dereva akanyagapo mafuta kwa ghafula. Injini ikiwa imezimwa, utazame: ukiwa na nyufa, au umechanika nyuzi, ubadilishe. Ili kuujua kwa hakika, nyunyiza maji kidogo juu yake injini ikizunguka polepole. Mlio ukibadilika au ukinyamaza kitambo, mkanda ndio. Msitie oili wala sabuni ili kuunyamazisha. Oili huuharibu mpira. Mkanda wa namna ya zamani, usiokazwa na chombo cha wenyewe, hukazwa hata ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili uingie kadiri ya sentimita moja. Ukikazwa kupita hapo, beringi za vitu vyote uvizungushavyo zitakufa upesi.

Mkanda ukiwa mzuri na mlio upo bado, sikilizeni vitu vizungushwavyo na mkanda: altaneta, pampu ya maji, pampu ya usukani, na zile puli ndogo za kuukaza mkanda. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake juu ya mwili wa kila kimoja, mahali pasipozunguka, na mpini wake uubonyeze karibu na sikio. Chuma huchukua sauti vizuri kuliko hewa. Kilicho kizima kitavuma kwa ulaini. Kilicho kibovu kitakuletea mkwaruzo sikioni. Lakini fanyeni kwa hadhari: kanzu, kanga, shuka, tai na nywele ndefu visikaribie mkanda wala feni. Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka ghafula bila kumwambia mtu.

Fundi aweza pia kuufungua mkanda, na kuiwasha injini kwa nusu dakika tu, kisha kuizima, maana pasipo mkanda pampu ya maji ya magari mengi haifanyi kazi, na injini itapata moto. Mlio ukitoweka, kimojawapo cha vitu hivyo ndicho kibovu. Injini ikiwa imezimwa, azizungushe puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ndiyo ya kubadilishwa.

Altaneta mbovu mara nyingi hulia zaidi taa zikiwashwa, kwa kuwa imeongezewa kazi. Ipimwe kwa mita ya umeme: katika magari mengi yenye betri ya volti 12, injini ikiwaka, mita yapasa kuonyesha baina ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Pampu ya maji mbovu mara nyingi huvuja kabla ya kufa. Tafuta alama ya maji yaliyokauka chini yake. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Wengi wameungua nyuso kwa haraka hiyo.

Pampu ya usukani hulia mara nyingi kwa sababu moja tu, nayo ni upungufu wa oili yake. Tazama chupa yake; kama imepungua, ongeza oili ya namna iliyoandikwa juu ya kifuniko au katika kitabu cha gari, si nyingine yoyote. Oili ikiwa na povu, pampu yavuta hewa mahali fulani. Kaza mipira na vibano vyake. Kisha tafuta ilikovuja, maana oili haipotei yenyewe. Tena dereva asiushikilie usukani ukiwa umekatwa hata mwisho kwa muda mrefu. Pampu huteswa sana hapo.

Nimesema ya kwamba uko mlio utokeao injini ibebapo mzigo tu. Magari mengi ya dizeli yana tabo, yaani mashine ndogo ya kusukuma hewa ndani ya injini, ambayo huzungushwa na moshi utokao. Huzunguka mara elfu nyingi sana kwa dakika, na mluzi mdogo ni desturi yake. Lakini mluzi ukizidi, na nguvu za gari zikapungua, huenda mpira wa hewa umepasuka au kibano kimelegea. Hayo ni matengenezo mepesi. Ukiambatana na moshi wa buluu na upungufu wa oili ya injini, tabo yenyewe imelika, na fundi aitazame upesi. Ili idumu, oili ya injini ibadilishwe kwa wakati wake, na baada ya safari ngumu injini iachwe izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

UBOVU WA GIA NA DIFU

Katika gari lenye klachi, liweke nyutro, injini ikizunguka, na usikilize. Ukikanyaga klachi mlio ukanyamaza, na ukiiachilia ukarudi, shuku beringi ya mbele ya giaboksi. Kinyume chake, mlio ukianza pale ukanyagapo klachi, ni beringi ya klachi yenyewe. Mlio uliapo katika gia moja tu, watoka katika meno ya gia hiyo.

Jambo la kwanza kwa giaboksi na difu ni oili. Gari likiwa mahali tambarare, fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni; mara nyingi oili yapasa kufika ukingo wa tundu lile. Kama haifiki, ongeza, kisha tafuta sili inayovuja. Unapomwaga oili ya zamani, tazama sumaku ya nati ya chini. Uji mwembamba wa chuma, laini kama majivu, ni wa kawaida. Vipande viwezavyo kuhesabiwa ni habari mbaya.

Namna ya oili ni jambo kubwa. Tangu miaka ya 1920 motokaa zilianza kutiwa difu ambayo gia yake ndogo imeshushwa chini ya katikati ya gia kubwa, na kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Meno ya difu hiyo husukumana na tena huteleza kwa nguvu, basi yataka oili yenye dawa ya kuyalinda, ambayo huandikwa alama GL-5 katika kopo. Giaboksi nyingi za mkono, kwa upande wake, zina pete za shaba nyeupe au ya manjano, nazo zataka oili ya alama GL-4. Someni kopo, na someni kitabu cha gari, kabla ya kumimina.

Oili ikiwa sawa na mlio ukaendelea, hiyo ni kazi ya fundi. Gia ndogo na gia kubwa ya difu hutengenezwa kwa jozi, zikasuguliwa pamoja kiwandani. Haifai kubadilisha moja na kuiacha nyingine. Kuzipanga kwataka vipimo na vipande vyembamba vya chuma vya kusogezea. Asiye na vipimo ataifunga difu, na kesho italia kuliko jana.

Hapa niwaonye wanunuzi wa magari yaliyotumika. Uko ujanja wa zamani wa kutia unga wa mbao au grisi nzito katika giaboksi au difu ili inyamaze siku ya kuuzwa. Ukimya huo ni wa siku chache, na baada yake huja uharibifu kamili. Mnunuzi aombe nati ifunguliwe, atie kidole, aitazame oili aione.

MAGURUDUMU NA MATAIRI

Tairi lililolika kwa mafungu huvuma mfano wa beringi mbovu. Tofauti ni hii: mvumo wa tairi hubadilika barabara ibadilikapo, na mvumo wa beringi hubaki vile vile. Pitisha kiganja juu ya tairi gari likiwa limesimama. Ukihisi mabonde na vilima, umepata sababu. Badilisha matairi ya mbele na ya nyuma. Mvumo ukihama, tairi ndilo.

Kwa beringi, inua gurudumu kwa jeki, lakini kwanza ziba magurudumu mengine kwa mawe, na gari likalie stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Kisha ulizungushe na kusikiliza. Likicheza au kukwaruza, gari lisipakie abiria wala mzigo mpaka limetengenezwa. Beringi za namna ya zamani huweza kusafishwa, kutiwa grisi mpya na kukazwa kwa kipimo. Nyingi za siku hizi hazifunguki, hubadilishwa nzima.

Mabibi na Mabwana, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika motokaa ufa husikika kabla ya kuonekana. Kila dereva awe na kidaftari, aandike siku mlio ulipoanza, katika gia gani, kwa mwendo gani, na kama ulibadilika alipoinua mguu au alipopinda. Karatasi hiyo moja itamsaidia fundi kuliko maneno mengi. Wenye kusafiri katika magari ya watu nao wana haki yao: abiria asikiaye mvumo uzidio kila gari lipindapo, na amwambie dereva kwa adabu, kabla ya safari kuendelea.